"Situmii kafeini, nakunywa chai tu": tuhesabu miligramu za siku nzima

Kemisti wa Section 58 (mleta uzi, Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Nauza dawa hapa Nakuru, na kuna jibu moja ninalolisikia kaunta kila mara ambalo linanitia wasiwasi. Mtu anakuja akilalamika moyo unamwenda mbio, usingizi hauji, mikono inatetemeka. Namuuliza kama anatumia kafeini. "Hapana daktari, kahawa siigusi. Nakunywa chai tu." Kisha anaomba vidonge vya kichwa, na mkononi ana chupa ya enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, imebaki nusu.

Kafeini ni kitu kimoja popote ilipo. Ya chai, ya kahawa, ya soda nyeusi, ya enaji na iliyochanganywa ndani ya kidonge ni ileile, na ikishaingia tumboni inajumlishwa. Mwili hauna daftari la chai na daftari la kahawa.

Na kuzitenganisha hakukuanza na sisi. Mwaka 1819 mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitoa kafeini kwenye buni alizopewa na Goethe, yule mshairi. Miaka minane baadaye, 1827, Oudry akapata unga mweupe mchungu kwenye majani ya chai na akaupa jina jingine, theini, akidhani ni kitu tofauti. Ilikuwa 1838 ndipo ilipothibitishwa kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Mmea hautengenezi kafeini kwa ajili yetu. Unajikinga na wadudu, ndiyo maana huweka nyingi kwenye sehemu changa na laini. Sasa kumbuka mchumaji wa Kericho, Nandi au Kaimosi anachuma nini: majani mawili na kichipukizi. Yaani tunachuma palepale ilipojaa. Kiwandani majani hayo yanasagwa na kuchanwa yakawa chembe ndogo nyeusi tunazozijua, na chembe ndogo hutoa vilivyomo haraka kuliko jani zima. Juu ya hapo sisi hatuchovyi. Tunachemsha kwenye sufuria, maji, maziwa na majani pamoja, mpaka ipande na kushuka mara mbili au tatu. Maziwa hayaondoi kafeini. Sukari pia haiondoi. Yanapunguza uchungu tu, na uchungu ndio ungekuambia imekolea.

Kwa makadirio, kikombe cha kawaida cha chai kina miligramu 40 hadi 50, na strungi iliyokolea inaweza kuzidi hapo. Kahawa ya unga ya kukoroga ni karibu 60. Kahawa ya buni iliyochujwa ni karibu 95. Soda nyeusi ya kola ya mililita 330 ni kama 35. Enaji nyingi zina miligramu 32 kwa kila mililita 100, kwa hiyo kopo dogo la 250 ni 80 na kopo la nusu lita ni 160. Hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu lebo inaandika kiasi cha mililita 100, na hakuna anayekunywa mililita 100. Geuza kopo, soma, zidisha.

Kisha vidonge. Panadol Extra ina parasetamoli miligramu 500 na kafeini 65 kwa kila kidonge. Dozi ya watu wazima ni viwili, kwa hiyo 130. Kafeini imewekwa humo kwa sababu nzuri, husaidia dawa ya maumivu kufanya kazi vizuri zaidi. Lakini inahesabiwa.

Chukua siku ya mtu wa kawaida mjini hapa. Asubuhi vikombe viwili vya chai na mandazi: 100. Mchana soda ya kola: 35. Saa tisa kichwa kinagonga, Panadol Extra mbili: 130. Jioni ana shifti ya usiku, kopo la enaji la nusu lita: 160. Jumla 425. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, iliweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia bila wasiwasi, na 200 kwa mkupuo mmoja. Mtu wetu amevuka, na kahawa hajaionja.

Sasa inafanyaje kazi? Ubongo ukiwa macho hukusanya kitu kinaitwa adenosini. Kadiri siku inavyosonga ndivyo inavyozidi, ikikaa kwenye vipokezi vyake na kukuletea uzito wa macho. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, basi inawahi na kukaa kwenye kiti chake kama abiria aliyepanda matatu kabla ya mwenye nafasi. Adenosini haijaondoka, imebaki stejini inaongezeka. Kafeini ikishuka, wote wanapanda kwa pamoja. Ule uchovu wa ghafla unaokupiga saa kadhaa baada ya enaji ni huo.

Na kushuka kwake ni polepole. Kwa wastani nusu ya kafeini hutoka mwilini ndani ya saa tano hivi, ingawa watu wanatofautiana sana. Ukinywa miligramu 100 saa kumi na moja jioni, saa nne usiku unazo 50 bado, saa tisa usiku 25. Mtu anasema, "Mimi nikinywa kahawa nalala vizuri tu." Analala, ndiyo, lakini usingizi wenyewe huwa mwepesi na mfupi, na asubuhi anaamka akitafuta kikombe.

Kuna wanaoitoa polepole zaidi. Wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, muda huo unaweza kuwa mara mbili. Mjamzito wa miezi ya mwisho, unaweza kufika saa 15. Mvutaji sigara ni kinyume, huitoa haraka, kwa hiyo akiacha sigara vikombe vilevile alivyozoea humpiga kwa nguvu zaidi. Hili la mwisho watu wengi hawaambiwi, wanadhani ni kuacha sigara tu kunakowatetemesha.

Maswali karibuni. Tafadhali niambieni pia mnakunywa nini na saa ngapi, kwa sababu hapo ndipo penye kazi.

---

Dereva wa Malaba

Daktari, umenigusa. Mimi natoa kontena Mombasa kupeleka mpakani. Usiku nikifika Salgaa, wengi wetu tunafanya kitu kimoja: chapati, chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, na enaji moja ya kupandia Sachang'wan. Zamani hiyo moja ilinifikisha Webuye. Siku hizi nikifika Timboroa, na baridi ile yote, macho yanaanza kujifunga. Naongeza ya pili. Wamepunguza nguvu kiwandani ama ni mimi?

---

Kemisti wa Section 58

Ndugu dereva, kinywaji ni kilekile. Mwili wako umejibu. Ukiuzibia vipokezi kila siku, unaongeza vipokezi vingine, basi kafeini ileile inaziba sehemu ndogo zaidi ya vilivyopo. Ndiyo maana unahitaji ya pili ili upate kile ulichopata zamani kwa moja.

Lakini la kuogopesha zaidi ni hilo la Timboroa. Mtu aliyekosa usingizi siku mbili tatu hupatwa na usingizi wa sekunde chache, macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linakwenda zaidi ya mita 20 kila sekunde. Sekunde tatu ni mita zaidi ya 60 bila dereva, na barabara ile unaijua inavyopinda na kushuka. Kafeini haiondoi hilo kwa mtu aliyechoka kiasi hicho. Inamfanya ajisikie yuko macho, na kujisikia hivyo ndiko kunakomtoa kwenye maegesho.

Kinachosaidia kidogo ni hiki. Egesha kwanza pahali penye usalama. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa au chai nzito, funga mlango, tegesha simu dakika 20, ulale. Kafeini huanza kushika baada ya nusu saa hivi. Usingizi mfupi unapunguza adenosini, na ukiamka kafeini inakuta viti vimeachwa wazi. Hilo litakupa saa moja au mbili za kufika pahali pa kulala kweli. Halikupi usiku mzima.

---

Dereva wa Malaba

Sikujua kwamba inanywewa kabla ya kulala. Sisi tunalala, tukiamka ndipo tunakunywa, halafu tunaondoka tukiwa bado wazito. Nitawaambia wenzangu pale.

---

Mwalimu wa bweni

Naandika kutoka Kakamega. Mimi nakaa na wanafunzi shuleni, na muhula wa tatu karibu na mtihani wa kidato cha nne ndio unaoninyima usingizi. Wanatia miguu kwenye beseni la maji baridi wasisinzie, hiyo tumeizoea tangu enzi zetu. Kipya ni vile vipakiti vya kahawa ya unga. Hawana maji ya moto usiku, kwa hiyo wanachana kipakiti, wanamimina kwenye kiganja na kuramba. Nimeona kijana midomo imekuwa ya kahawia, kiganja kimenata, na vidole vinatetemeka juu ya kitabu cha kemia. Alikuwa amemaliza vitatu na anataka cha nne. Kwa hesabu yako hiyo ni ngapi?

---

Kemisti wa Section 58

Mwalimu, asante kwa kulileta hili. Kipakiti cha gramu mbili hivi kina karibu miligramu 60. Vitatu ni 180. Kwa watoto na vijana, Wazungu wale wa 2015 walipendekeza kisizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kijana wa kilo 45 ni 135. Amepita, na amezimeza ndani ya dakika chache kwenye tumbo tupu, bila maji, saa kadhaa baada ya chakula cha jioni cha saa kumi na mbili.

Ningependa wasikie jambo moja kutoka kwako kwa sababu wewe wanakuamini. Kile walichosoma mchana hukaa kichwani wakati wamelala. Ubongo hupanga na kuimarisha kumbukumbu usingizini. Anayekesha akiramba kahawa anasoma kurasa nyingi na kubakiza chache, na kesho yake darasani anasinzia, anakosa na ya mchana. Akilala saa nne na kuamka saa kumi alfajiri, kile kitabu cha kemia kitamkubali zaidi.

Na ukisikia mtu yeyote anauza kafeini tupu ya unga, ile nyeupe, kimbia kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe karibu 28 vya kahawa. Gramu kumi hivi zinaweza kuua mtu mzima. Haipimwi kwa kijiko wala kwa kiganja.

---

Nyar Ahero

Daktari, mimi ni mjamzito, mwezi wa saba. Kliniki wameniambia damu yangu iko chini na wamenipa vidonge vya madini ya chuma. Mama mkwe ni mtu mzuri sana, ananiletea chai ya maziwa kila baada ya chakula ili nipate nguvu. Je, kafeini ndiyo inakula damu yangu?

---

Kemisti wa Section 58

Dada yangu, hongera na pole kwa uchovu. Hapa kuna mambo mawili.

Kuhusu kafeini, mjamzito anashauriwa asizidi miligramu 200 kwa siku, kutoka kila kitu. Shirika la Afya Duniani linasema anayezidi 300 apunguze, kwa sababu kiasi kikubwa kimehusishwa na kuharibika kwa mimba na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Inavuka kwenda kwa mtoto, na mtoto hana uwezo wa kuivunjavunja. Vikombe viwili vitatu vya chai vya kawaida uko ndani ya mpaka, mradi usiongeze soda ya kola wala vidonge vyenye kafeini. Kichwa kikiuma omba parasetamoli tupu.

Damu ni habari nyingine. Kinachozuia chuma kwenye chai ni tanini na jamaa zake, vile vinavyofanya ulimi ukauke ukinywa strungi. Vinashikana na chuma cha mboga tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Ile managu, mrenda, kunde na maharagwe unayokula kwa ajili ya damu inapotea pale chai inapofuata papo hapo. Hata ungetumia chai iliyoondolewa kafeini, tanini bado imo.

Kwa hiyo usimkatalie mama chai yake. Mwombe aisogeze. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula, na vidonge vya chuma meza kwa maji au juisi ya chungwa, mbali kabisa na kikombe. Vitamini ya machungwa inasaidia chuma kuingia. Na samaki pia, chuma cha samaki na nyama hakizuiliwi sana, na huko kwenu samaki hawakosekani.

---

Nyar Ahero

Nimemsomea. Amesema ataleta saa kumi badala ya saa saba. Asante sana.

---

Mkulima wa Kapkatet

Nimesoma yote kwa makini. Mimi nina chai yangu, nachuma, napeleka kituo cha kununulia, nangoja bonasi kama wenzangu. Watoto wangu wamesoma kwa majani haya. Baba yangu alikunywa chai tangu ujana wake mpaka alipozeeka kabisa, birika halikutoka mezani, na hakuna siku moyo ulimsumbua. Sasa vijana mnaiweka kwenye mstari mmoja na enaji. Mnatuharibia soko bila sababu.

---

Kemisti wa Section 58

Mzee wangu, nakuheshimu, na naomba unisikilize. Siipigi vita chai. Hiyo 400 ni kama vikombe vinane vya chai ya kawaida, na baba yako huenda hakufika hapo. Alikuwa analala mapema, hakuwa na enaji, hakuwa na kidonge chenye kafeini. Chai ilikuwa peke yake. Ninachosema ni kwamba leo chai haiko peke yake tena, na ikitokea mtu amezidisha, kupunguza enaji na kubaki na chai ni nafuu kwake. Kopo moja la nusu lita ni sawa na vikombe vitatu au vinne vya chai yako, tena vilivyonywewa kwa dakika tano bila kuungua ulimi.

Na si vibaya kusema mazuri. Katika tafiti nyingi, wanaokunywa kahawa mara kwa mara wameonekana kupata kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa Parkinson kwa kiasi kidogo kuliko wasiokunywa. Kafeini kwa kiasi ni rafiki wa watu wengi.

---

Muuguzi wa Bomet

Nikiongezea kwa mzee wa Kapkatet, maana sisi ni majirani na chai ni yetu sote. Ukanda huu wa magharibi ya Bonde la Ufa saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Tunaona watu wa miaka arobaini, hata chini, hawawezi kumeza ugali. Sababu ni zaidi ya moja, pombe na tumbaku zimo, lakini joto la kinywaji limo pia. Mwaka 2016 shirika la IARC linalochunguza visababishi vya saratani liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mwaka huohuo wakasema kahawa yenyewe haina ushahidi wa kutosha dhidi yake. Joto ndilo tatizo.

Na sisi chai tunaipenda ikiwa inafuka. Mgeni akipewa chai isiyochoma anaona amedharauliwa. Mimi nyumbani nimeanza kuimimina kwenye vikombe mapema, kabla ya mandazi kufika mezani. Inangoja dakika kadhaa. Wageni wamezoea.

---

Kemisti wa Section 58

Muuguzi, asante. Hili lingestahili uzi wake.

---

Bibi wa Nyamira

Sisi ni Wasabato, nyumbani kwetu majani ya chai hayaingii. Tunachemsha mchaichai, wakati mwingine tangawizi, na watoto wanapewa kakao. Je, huko nako kafeini iko?

---

Kemisti wa Section 58

Mchaichai hauna. Tangawizi haina. Mradi hakuna aliyetumbukiza majani ya chai ndani. Kakao inayo kidogo sana, miligramu chache kwa kikombe, na kilichojaa humo ni teobromini ambayo ni ndugu yake mpole zaidi. Jihadharini na chai ya kijani na ile ya zambarau iliyotokana na utafiti wa Kericho, maana watu wanauziwa kama majani ya tiba. Hizo zote ni mmea uleule wa chai, na kafeini imo.

---

Boda Kondele

Na muguka?

---

Kemisti wa Section 58

Muguka na miraa zina kathinoni, si kafeini. Lakini zote zinausukuma moyo upande mmoja, kwa hiyo kutafuna huku unashushia na enaji ni kuupiga moyo mijeledi miwili. Na enaji na pombe pia usichanganye. Haikutoi ulevi, inakuficha usione umelewa kiasi gani, halafu unapanda pikipiki.

---

Kijana wa Mumias

Swali la Ramadhani. Kila mwaka siku mbili tatu za mwanzo kichwa kinaniuma vibaya kuanzia adhuhuri. Nilidhani ni njaa. Mimi ni mtu wa chai ya rangi, asubuhi, mchana na jioni.

---

Kemisti wa Section 58

Njaa na kiu vinaweza kuchangia, lakini ratiba yako inafanana kabisa na mwili unaodai kafeini. Maumivu hayo huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, yanakuwa makali siku ya kwanza na ya pili, na huisha ndani ya siku mbili hadi tisa. Kafeini hubana mishipa ya damu ya kichwani, ikikosekana mishipa inatanuka, na kichwa kinagonga.

Wiki mbili kabla ya mfungo anza kupunguza. Toa kile kikombe cha mchana kwanza, kisha cha jioni, punguza na majani kwenye sufuria. Ubaki na kimoja cha alfajiri, na hicho unaweza kukihamishia kwenye daku. Usikikate chote siku moja.

---

Mama K, Kisumu

Nimesita kuandika. Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati, wiki ya 29, kilo moja na kidogo. Yuko bado hospitalini. Leo nimeona kwenye karatasi yake wameandika kafeini. Nilimuuliza daktari, akasema ni ya kupumua, akaenda kwa mtoto mwingine. Baada ya kusoma haya yote ninaogopa. Wanampa mtoto mdogo hivyo kafeini kwa nini?

---

Kemisti wa Section 58

Mama K, pole sana kwa safari hii, na umefanya vyema kuuliza. Tulia, hilo ni tiba sahihi.

Mtoto aliyezaliwa mapema, sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa. Husahau kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, rangi inabadilika, moyo unapunguza mwendo. Wauguzi humgusa wayo, akakumbuka, akapumua. Kafeini huiamsha sehemu hiyo ikaendelea kuamrisha. Inatolewa kama kafeini sitreti, kwa mshipa au kwa mrija wa kulishia, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2022 shirika hilo liliipendekeza kwa ajili ya kutibu kukatika pumzi kwa watoto kama wako.

Dozi ya kwanza kwa kawaida ni miligramu 20 za sitreti kwa kila kilo, na nusu yake tu ndiyo kafeini yenyewe. Kwa mtoto wa kilo 1.2 hiyo ni kafeini miligramu 12. Kisha anapewa kidogo mara moja kwa siku. Mara moja inatosha kwa sababu ini lake bado changa: kile ambacho mwili wako unapunguza kwa nusu ndani ya saa tano, yeye humchukua karibu saa 100. Wanafuatilia mapigo ya moyo, na yakizidi wanasimamisha dozi.

Waulize mambo mawili kesho: amekatika pumzi mara ngapi tangu jana, na wanapanga kuiacha lini. Kwa kawaida huachwa akikaribia wiki ya 34 hivi, ukihesabu tangu mimba, kisha anaangaliwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa nyumbani.

---

Mama K, Kisumu

Mungu akubariki. Na mimi ninayekamua maziwa, chai niiache? Na tukifika nyumbani, shosho anasema mtoto dhaifu hupewa chai kwa kijiko apate nguvu.

---

Kemisti wa Section 58

Wewe kunywa, kikombe kimoja au viwili kwa siku, baada tu ya kukamua. Kafeini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo. Lakini kwa kuwa mtoto tayari anapewa, mwambie muuguzi unakunywa kiasi gani, na enaji usiiguse kabisa.

Kijiko cha shosho, hapana. Mweleze kwa upole kwamba ile ya hospitalini imepimwa kwa uzito wake, na mashine inamwangalia saa zote. Kwenye kijiko cha chai hakuna aliyepima, ini bado litachukua miezi kadhaa kukomaa, na chai ingejaza tumbo dogo ambalo linahitaji maziwa yako. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama pekee, pamoja na dawa atakazoandikiwa. Akiwa nyumbani akikatika pumzi, au midomo ikawa ya buluu, msugue wayo, na mrudishe hospitalini saa hiyohiyo hata kama amerudi kupumua vizuri.